Taa za Noeli Zilizongoja Meli

Juzi nilivuka mto kwenda Lubunga kufuata kopo la rangi. Usicheke. Ndani ya kopo hamkuwa na rangi, mlikuwa na taa za Noeli za zamani, zile za kioo kinene, ambazo mama mmoja mjane alizikuta juu ya dari alipokuwa akibomoa jiko lake. Kisangani wananijua sasa. Mtu akifungua sanduku la marehemu na kukuta waya wenye vitaa vya rangi, wenzake wanamwambia: "Mupelekee ule muzee wa wazimu wa taa." Na mimi nakuja. Nimewahi kupanda pikipiki hadi Bengamisa, mgongo unalia njia nzima, kwa ajili ya vitaa ambavyo vingeenea kwenye kiganja.

Mjane aliniwekea kiti kivulini, akaniletea maji. Nilipofungua kopo, harufu ndiyo iliyonipiga. Vumbi, mpira wa waya uliozeeka, na kitu kama sukari iliyoungua. Nikatoa kitaa kimoja chekundu, rangi imebanduka upande mmoja, nikakigeuza kwenye mwanga.

"Papa, iko nini? Unalia?"

"Vumbi," nikamwambia.

Halikuwa vumbi. Nyumba yetu ya utotoni ilikuwa karibu na pale, ukishuka kidogo kuelekea maji. Kabla ya kurudi nilikwenda kuitazama. Hakuna nyumba. Hakuna hata mahali pa nyumba, mto umekula ukingo wote. Pale tulipolala sisi, leo mtumbwi unapita.

Bon. Wewe ni rafiki, nitakueleza, lakini kwa namna yangu. Mimi sikusoma. Niliacha shule kabla sijajua kugawanya, nikaanza kuuza vibiriti na betri juu ya gunia. Leo nina duka langu la vifaa vya umeme, nyumba ya matofali, na watoto waliosoma hadi kuchoka. Hakuna aliyenibeba. Kwa hiyo nikisema jambo hapa, sisemi ili unihurumie.

Vijana wa sokoni wananitania. Nikipita, mmoja anapaza sauti: "Papa Noeli, unatuletea nini?" Mwingine ananionyesha zile za Kichina zinazowaka na kuzima kama mtu mwenye degedege: "Vieux, muzee, chukua hii! Iko na muziki ndani!" Namjibu: "Muziki niko nao tumboni tangu asubuhi, sijakula." Wanacheka, nami nacheka. Siwachukii. Nami nazo naziuza dukani kwangu, tena zinatoka sana. Lakini kwenye meza ile ya nyuma, ambapo sitaki mtu aguse, hakuna hata moja.

Pale mezani ndipo ninapozifufua. Taa ya zamani usiioshe kwa maji, rangi yake itakuja yote na utabaki na kioo kitupu kama jicho la samaki aliyechemka. Unaipangusa kwa pamba kavu, polepole, kama unampangusa mtoto mchanga. Unakwangua kutu kwenye shingo yake ya shaba. Unaigusisha kwenye betri. Ikiwa hai, ule uzi wa ndani unakuwa mwekundu. Kisha unapima waya kidole kwa kidole, unakata palipooza, unaunga. Kamba ikikosa taa moja ya kipimo chake, naiacha ilale. Kuna kamba zilizolala hapo tangu mtoto wangu wa mwisho alipooa. Zitangoja. Sitazidanganya kwa njia ya mkato, na sababu yake utaiona.

Papa, baba yangu, alikuwa baharia wa meli ya mto, ile iliyopanda kutoka Kinshasa ikisukuma matishari ya mizigo, watu, mbuzi na kelele. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele kabisa na mti mrefu uliopakwa mistari. Anautumbukiza majini, anautoa, anampigia kapiteni kelele: hapa maji yapo, hapa mchanga. Ukiwaona mabaharia wale wakifanya, mmoja kushoto mmoja kulia, ungesema wanatwanga mto. Papa alikuwa na mabega ya kazi hiyo, na sauti yake pia. Hata mezani alikuwa akiomba chumvi kama mtu anayetangaza kina.

Hakuwa mtu wa nyumbani. Tulimpata kwa majira, kama mbinzo, wale viwavi ambao msimu ukifika wanajaa mitini, na ukipita huwaoni tena. Lakini Noeli ilikuwa yake. Noeli hakukosa. Alishuka melini na liputa ya mama, kitenge cha kujifunga, sukari, dagaa wa kopo, na mkate uliokuwa umekauka njiani hadi tukauchovya kwenye chai ndipo meno yakubali.

Mwaka mmoja alikuja na katoni. Ndani mlikuwa na kamba ya taa: nyekundu, kijani, buluu, na za manjano zenye umbo la tunda. Hatukuwa tumewahi kuona kitu kama kile karibu. Papa akajenga fremu ya mianzi, akaisimamisha mbele ya nyumba, uso wake ukitazama kule mto unakoshukia, akazungusha kamba juu yake. Akamwambia mama mbele yetu sote:

"Hii si ya kujipamba. Hii ni ya kuniita. Meli ikizunguka kile kisiwa jioni, nataka nione nyumba yangu kabla sijaona muji."

Umeme sisi hatukuwa nao. Jirani yetu, ambaye tulimwita tonton, yaani mjomba, kama tulivyomwita kila mwanamume mkubwa, alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, na kwake ulifika. Alipitisha waya juu ya ua hadi kwetu, kwa ajili ya Noeli tu. Basi tangu hapo, kila mwaka habari ikija kwamba meli iko karibu, mama anafunga matawi ya ngazi, ule mchikichi, mlangoni, anatoa kamba kwenye kikapu chake, na giza likiingia tonton anawasha. Sisi watoto tunakaa chini ya taa zile na nyuso zetu zinabadilika rangi. Mdogo wangu wa kike alipenda kukaa chini ya ile ya buluu, akisema yuko ndani ya maji na tusimsemeshe.

Na ni kweli, papa aliziona. Alikuwa akifika anacheka: "Niliona! Kapiteni akaniuliza ile ni bar gani? Nikasema ile njo nyumba yangu!" Mama anageuza uso, anajifanya anakoroga chungu. Sijaona mwanamke akikoroga chungu kwa furaha namna ile.

Taa zikifa, papa ndiye aliyeleta nyingine. Za namna ile hazikupatikana Kisangani. Alikuwa akizibeba zimefungwa kwenye gazeti, kama mayai.

Aliyekaa nasi wakati wote ni koko, mama mzazi wa mama yangu. Koko alitoka kwa Wagenia, watu wa maporomoko, na nyumba yetu ilinuka samaki wake wa moshi mwaka mzima, hata vitabu vya shule vilinuka, mwalimu akatuweka dirishani. Koko hakuamini taa, hakuamini redio, wala saa. Alimwamini moto. Ungemkuta amechutama mbele ya kichanja cha samaki, anausikiliza. Kuni zikitoa ule mlio wa kupasuka na mwali ukiruka juu ghafla, anasema: "Moto umecheka. Mugeni iko njiani. Ongeza maji kwenye chungu." Na sisi tuliongeza maji. Mara nyingi mgeni alikuja kweli, maana nyumba iliyo karibu na mto haikosi mgeni.

Sasa nikupeleke kwenye mwaka wenyewe.

Habari ya meli ilikuja kama kawaida, kutoka kwa wavuvi waliopanda. Mama akafunga matawi. Taa zikawaka. Noeli ikafika, tukaenda misa, tukarudi, papa hakuwepo. Tukala wali bila kusema mengi. Wavuvi wakasema meli imekwama: "Masuwa imelala muchanga." Lilikuwa jambo la kawaida, maji yakipungua mchanga unaikamata meli hata wiki. Mama akasema kama imelala, itaamka. Akamwomba tonton aache taa ziendelee kila jioni mpaka papa afike. Tonton alikuna kichwa, maana waya ule haukuwa wa kila siku, lakini akakubali. Nani angemkatalia mama?

Wanawake wa jirani wakaanza. Mmoja akapita na ndoo yake kichwani: "Mama, Noeli yako iko na miguu mirefu! Inatembea mpaka mwaka mupya!"

Mama hakunyanyua hata macho. "Nyumba yako iko giza, njo inakuuma. Pita."

Jioni moja kamba yote ikazimika. Mdogo wangu akapiga kelele. Mama akakimbia uani: "Tonton! Zimekufa zote!"

Tonton akaja na taa moja nzima mkononi, akaanza kuikaza kwenye kila kikombe kinachoshika taa, kimoja baada ya kingine. "Hazikufa zote, mama. Moja njo imekufa, zingine ziko namungoja. Hizi zimeshikana mikono. Moja ikiachia, zote zinalala." Alipofika kwenye ile iliyokufa kamba ikawaka. Lakini ile taa nzima ilikuwa ya nyumbani kwake, ya namna nyingine, haikuweza kubaki humo. Na za kubadilisha zilikuwa kwa papa, na papa alikuwa mchangani.

Hapo tonton akatuonyesha ujanja wa mafundi wa reli. Unachukua ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Unailoweka majini hadi karatasi nyeupe iliyogandana nayo ilainike, unaibandua, unabaki na utando unaong'aa. Unauviringa kama tonge dogo, unaukandamiza ndani ya kikombe cha ile taa iliyokufa. Umeme unapita juu yake kana kwamba taa ipo. Kisha unarudisha taa mfu mahali pake ili kamba isionekane kama mdomo wa mzee. Akawasha. Zikawaka zote isipokuwa ile moja.

"Lakini sikia, mama," tonton akasema. "Muzigo wa ule amekufa, wenzake njo wanabeba. Usiniite kila siku."

Alimwita kila siku. Nyingine ilikufa, na nyingine. Mimi nikapewa kazi ya kuokota pakiti za sigara karibu na stesheni, kwenye bar ya wafanyakazi wa reli. Wanaume wakaniona ninainama chini ya meza zao.

"Weye mutoto, unavuta?"

"Apana, tonton. Niko natafuta karatasi ya ndani."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kufanya papa akuye."

Meza nzima ikalipuka kwa kicheko. Mmoja akamwaga sigara zake zote mezani, akanipa pakiti tupu. "Chukua! Na umuambie alete bia!" Nilikimbia nyumbani nimelikumbatia lile boksi kama limejaa dhahabu.

Kisha likatokea jambo ambalo ndilo lililotumaliza. Kadiri taa zilivyokufa, zilizobaki ziliwaka zaidi. Nyekundu ikawa kama kaa lililopulizwa. Ya manjano ikawa karibu nyeupe. Mwanga ukafika majini, ukacheza. Koko akatoka ndani, yeye ambaye hakuamini taa, akasimama na mkono kiunoni, akazitazama kwa muda. Akasema:

"Ziko nacheka."

Mama akageuka. "Unasema nini, mama?"

"Moto huu unacheka. Hauoni? Mugeni iko karibu."

Ungemwona mama usiku ule, rafiki yangu. Alikwenda akachota maji, akaongeza kwenye chungu. Usituone wajinga. Koko alikuwa amesoma moto maisha yake yote na haukumdanganya, na mwanga ulikuwa mbele yetu, unakua, kila jioni mkali kuliko jana. Tonton peke yake ndiye hakufurahi. Alizigusa kwa ncha ya kidole, akaondoa mkono haraka. "Hii si kicheko," akasema. "Hii ni homa." Mimi niliendelea na pakiti zangu. Tulikuwa sasa tunashangilia taa ikifa, kwa sababu tulijua zingine zitaongeza mwanga, na papa atasogea.

Na meli ikaja. Tulisikia honi yake mchana, sauti ile nzito inayokuingia kwenye mbavu. Koko akaanza kutwanga lituma, ndizi zile za kupondwa ambazo papa alizipenda, na samaki akafungwa kwenye majani. Mama akavaa liputa ya mwaka uliopita, akatupaka mafuta ya ngazi miguuni hadi tukang'aa. Tukapanda mtumbwi kwenda bandarini ng'ambo.

Tulikuwa bado katikati ya mto meli ilipotupita ikielekea gatini. Watu walikuwa wamejaa juu ya matishari, wanapunga, wanaita. Mimi nikatazama mbele, pale pa papa. Palikuwa na mtu ameshika mti wa mistari. Kijana mwembamba. Alitumbukiza, akatoa, akapiga kelele, na sauti yake ilikuwa nyembamba pia.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameona. Alikamata ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

Bandarini tulisimama hadi watu wote wakashuka, hadi mbuzi wakashuka. Wa mwisho alikuja mpishi wa meli, ambaye tulimjua, maana kila mwaka alikula kwetu. Safari hii hakututania.

"Mama, bonjour. Bwana yako iko muzima."

"Iko wapi?"

"Alibakia kule chini, Kinshasa. Alipata kazi ya inchi kavu."

"Kazi gani?"

Mpishi akatazama viatu vyake. "Mama, weye iko mwanamuke mukubwa. Usinilazimishe."

Mpishi akatoa kwenye mfuko wake kifurushi cha gazeti, akampa kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi maiti ya mtoto. "Alisema nikupatie hii."

Mama alikifungua pale pale. Zilikuwa taa. Nyekundu, kijani, buluu, za manjano zenye umbo la tunda, nzima, safi, za kutosha kamba yote. Hakukuwa na kitu kingine. Mdogo wangu akapiga makofi: "Papa ametuma taa!" Mama akamshika mkono, tukashuka kwenye mtumbwi.

Tuliporudi, koko alikuwa amepanga sahani. Mama akamwambia tu kwamba hakuja. Tukala. Lituma ilikuwa tamu, na ninaona haya kusema kwamba niliila yote, lakini mtoto ni mtoto. Giza lilipoanza kuingia tonton akaja uani na vitu vyake. Habari alikuwa ameshaipata, habari inavuka mto haraka kuliko mtumbwi. Akaona kifurushi. "Eh, kumbe ziko! Leo tutoe karatasi yote, tuiponyeshe hii kamba."

"Hizo wacha," mama akasema.

"Namna gani, wacha?"

"Washa ile ile."

"Mama, zimebakia kidogo. Leo zitaungua."

"Ziungue."

Tonton akaenda kuwasha. Sijawahi tena kuona mwanga kama ule. Taa zilizobaki zilikuwa chache, na zilibeba kamba nzima mgongoni. Rangi zilipotea, zote zikawa nyeupe. Koko akatoka na kijiti chake cha meno, akafumba macho nusu.

"Mwanangu, moto unacheka sana leo. Mugeni iko mulangoni."

"Acha ucheke, mama," mama yangu akajibu. "Mugeni amekwisha kula njiani."

Moja ikapasuka, tak, kisha giza. Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia mto tu, na tonton akikunja waya wake juu ya ua, taratibu, bila kuaga.

Asubuhi mama aliteremka majini kuosha vyombo, na kile kifurushi kilikuwa juu ya masufuria. Mimi na mdogo wangu tulimfuata. Alipomaliza masufuria yote alikifungua, akaziweka zile taa mpya majini, moja moja, bila kuzitupa. Kioo kina hewa ndani, hakizami. Zikaelea. Nyekundu, kijani, buluu, zikashika mkondo, zikaanza kushuka kule kule zilikotoka. Mdogo wangu alizikimbiza kando ya maji akilia na kuziita, hadi majani yakamzuia. Mama alipanga masufuria kichwani, akapanda. Fremu ya mianzi aliipasua kuwa kuni wiki ile ile, na jiko akalihamishia nyuma ya nyumba, kusikoonekana mto.

Hakuolewa tena. Hakumtukana papa hata siku moja mbele yetu, na hilo lilinichosha kuliko kama angemtukana. Alikufa mimi nikiwa kijana, nimeshaanza kuuza betri zangu. Koko alikuwa amemtangulia. Mdogo wangu yuko Banalia, ni bibi mwenye wajukuu, na ukimtajia taa anabadilisha mazungumzo.

Nilimwona papa mara moja. Nilishuka Kinshasa kununua mali, nikamtafuta, nikamkuta. Mzee, mabega yameanguka, anauza mkate mlangoni kwake. Uani walicheza watoto wenye paji la uso kama langu. Alinijua kabla sijataja jina. Tulikaa, tukanywa chai, tukazungumza bei ya unga na hali ya mto. Mwisho akauliza, akitazama pembeni:

"Zile taa?"

"Ziliungua."

"Zote?"

"Zote."

Akazungusha kikombe chake. "Nilituma zingine."

"Zilifika," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Sikurudi tena kumwona, wala kumzika. Sijisifu wala sijutii, ninakuambia ilivyokuwa.

Watu wananiuliza kwa nini nakusanya taa za zamani, wakidhani nataka kuziuza kwa wazungu. Huwa nawaambia nazipenda, basi. Ukweli ni kwamba taa zinapatikana. Ukihangaika, ukipanda pikipiki, ukibomoa dari za watu, unazipata, na nikizipata nazifufua, hilo naliweza. Vingine sijui vya kutafuta wapi. Meli ile haipo, siku hizi ni baleinière, zile mashua za mbao zinazojaa hadi maji yanalamba miguu ya abiria, na zinafika zinapofika. Karakana ya tonton mti umeota katikati yake. Harufu ya samaki wa koko nilidhani haitatoka kwenye ngozi yangu, nayo ilitoka.

Lakini kilichokufa kabisa ni kungoja. Zamani mtu akiwa njiani ulikuwa hujui kitu. Unatazama maji, unasikiliza moto, unaongeza maji kwenye chungu, na moyoni mtu huyo anakuja, anakuja kila jioni, hata kama mwenyewe amekwisha kuvua viatu kwenye nyumba nyingine. Leo hakuna wa kukuacha ujidanganye hata nusu siku.

Mwanangu mkubwa anafanya kazi Lubumbashi. Mwezi huu haujafika hata katikati, amepiga simu. Uso wake ukatokea kwenye kioo, wenye afya, nyuma yake watoto wanarukaruka. "Papa, Noeli hii sitafika, kazi imenibana. Nimeona nikuambie mapema, usijisumbue." Nikamshukuru, maana ni adabu njema, nami ndiye niliyemfundisha asimweke mtu gizani. Nikamwuliza habari za mkewe. Simu ikakatika. Ilikuwa mchana, jua kali, mteja amesimama ananyoosha mkono apewe swichi.

Nikampa swichi yake. Kisha nikakaa, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwonea mama wivu.